Kamba ya Katani na Barabara za Ufipa

Hapa gerejini kwangu Pito, Sumbawanga, mtu akiniletea gari na kusema, "Fundi, linavuta," simuulizi kwanza linavuta kushoto au kulia. Namuuliza lilikuwa barabara gani. Akijibu Tunduma, nachukua jeki na kwenda mguu wa mbele. Akijibu Muze au Mtowisa, huko bondeni, natandika gunia, nalala chali na kuanza nyuma. Kila barabara ya Ufipa ina chuma chake inachopenda kukipinda. Historia ya barabara hizi imeandikwa kwa kilomita na kwa fedha za wafadhili. Ipo nyingine, iliyoandikwa kwa senta bolti zilizokatika na tairodi zilizopinda, na hiyo ndiyo ninayoijua mimi.

Anayetaka kuelewa kwa nini magari ya huku huumia kwa namna yake aanze na umbo la nchi. Uwanda wa Ufipa umeinuka katikati ya maziwa mawili. Sumbawanga iko yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika upande wa magharibi liko mita 770 hivi, Ziwa Rukwa upande wa mashariki mita 800 hivi, na ukingo wa Lyamba lya Mfipa unaporomoka kuelekea bonde hilo la Rukwa. Juu ni tambarare yenye miti michache na upepo mwingi. Ukitaka kutoka na gari, unaufuata uwanda kwenda Tunduma au Mpanda, au unateremka ukingo na breki mkononi mwa Mungu.

Chuma hakikuja huku na magari. Wafipa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Malungu, tanuri za udongo zenye urefu wa mita tatu hivi, zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri ndogo iliyoitwa kintengwe. Majembe ya kiwandani yaliiua kazi ya malungu katika enzi za ukoloni, lakini uhunzi haukufa. Lori zilipoanza kukata springi njiani, wahunzi waliziokota na kufua visu na majembe, kwa sababu chuma cha springi ni kigumu na hushika makali. Fundi aliyenifundisha alitoka katika ukoo wa namna hiyo. Alikuwa akigonga chuma kwa nyundo ndogo na kusikiliza mlio wake kabla hajasema neno, na mimi mpaka leo nagonga springi hivyo: nzima hulia, iliyopasuka hutoa sauti iliyokufa.

Mzee huyo alijifunza magari kwa mapadre. Wamisionari wa Afrika walikuwa wamekaa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu 1885, na kutoka huko misheni zao zilienea uwandani. Miaka ya 1950 yeye alikuwa kijana wa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa katika gereji ya misheni, na gari lililomfundisha lilikuwa Land Rover. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na baada ya miaka michache misheni na maofisa wa serikali huku walikuwa wamelikubali.

Umbile la gari lile ndilo ufunguo wa kila kitu kitakachofuata, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Land Rover ya zamani ilikuwa na ekseli nzima mbele na ekseli nzima nyuma. Kila ekseli ilikaa kwenye springi mbili, moja kila upande, kila springi ikiwa ni bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, ikafungwa kwa yubolti. Katikati ya kila springi hupita bolti moja, senta bolti. Kichwa chake huingia katika tundu lililo kwenye kikalio cha ekseli, na hapo ndipo ekseli inapojua mahali pake. Yubolti hubana, senta bolti huweka alama. Yubolti zikilegea, mzigo wote wa kusukumana mbele na nyuma huiangukia senta bolti, ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo. Gari likiacha njia na gurudumu likagonga ukingo wa mtaro, bolti hukatika kama imekatwa kwa tindo, na ekseli huteleza upande mmoja.

Mara nyingi ilikuwa hivi: usiku wa mvua dereva alitoka mtaroni kwa msaada wa wanakijiji, akawasha gari, likaenda. Hakuona kitu kilichovunjika. Kesho yake aligundua kwamba asipoushika usukani, gari linakwenda porini.

Hapo ndipo mzee alipokuwa akitoa kamba yake ya katani. Alinionyesha nilipoanza kushika spana, miaka ya mwanzo ya 1970, na sijaona chombo kilichonipa faida kubwa zaidi. Unaliweka gari mahali tambarare, unanyoosha magurudumu ya mbele. Unashika ncha ya kamba katikati ya habu ya mbele kushoto, mwenzako anaivuta mpaka katikati ya habu ya nyuma kushoto, anafunga fundo. Mnahamia kulia na kamba ileile. Land Rover ndefu ya inchi 109 inapaswa kutoa sentimita 277 hivi pande zote mbili, lakini hata usipoijua namba hiyo haidhuru. Unachotafuta ni kama fundo linaangukia mahali palepale. Lisipoangukia, gari limepinda, na umeshajua wapi pa kutazama.

Kanuni aliyoniachia ni hii: gari huvuta kwenda upande ambao gurudumu la mbele na la nyuma yamekaribiana. Ekseli ya mbele ikirudi nyuma upande wa kushoto, gari litavuta kushoto, na hilo kila mtu hulitarajia. Linalowachanganya watu ni ekseli ya nyuma. Senta bolti ya nyuma kushoto ikikatika, ncha hiyo ya ekseli hurudi nyuma, na magurudumu ya nyuma yanatazama kushoto kidogo. Yanausukuma mkia wa gari kushoto, na pua inageukia kulia. Dereva anahisi linavuta kulia, kwa hiyo anabadilisha tairi la kulia, anafungua habu ya mbele kulia, anaagiza beringi kutoka Mbeya na kuzisubiri wiki nzima. Ugonjwa uko kona ya nyuma kushoto, mbali kabisa na mkono wake. Nimeona watu wazima wakibishana mpaka kugombana juu ya gari la namna hiyo, na kamba ikawapatanisha kwa dakika tano.

Mzee alikuwa na hatua ya pili kwa magari yaliyoumia zaidi. Aliazima timazi kwa mwashi, akaining'iniza kutoka sehemu mbili zinazofanana za chasisi mbele na mbili nyuma, akachora misalaba ya chaki chini. Gari likasukumwa pembeni, na sakafuni zikabaki alama nne. Akapima kona kwa kona. Mistari miwili ikilingana, chasisi ni nzima na kosa liko kwenye ekseli. Isipolingana, chasisi yenyewe imekwenda mshazari, na hapo alimwita mwenye gari kando, akamkalisha, akazungumza naye kwa upole kama mtu anayeleta habari za msiba.

Mwaka 1974 Rukwa ikawa mkoa, na Sumbawanga ikawa makao yake. Karibu wakati huohuo serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, kwa hiyo mkulima wa Laela alilipwa sawa na mkulima aliye karibu na Dar es Salaam. Nadhani hakuna uamuzi uliobadilisha uwanda huu kuliko huo. Mahindi yaliyokuwa hayana soko kwa sababu ya umbali yakawa na mnunuzi, NMC, yaani Shirika la Usagishaji la Taifa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Tunduma. Kilichobaki ni kuyafikisha mahindi huko kwa barabara ya udongo mwekundu.

Lori zilikuja, na kazi yetu ikabadilika. Land Rover ya misheni ilikuwa inaumia mara mojamoja kwa ajali. Lori la mahindi liliumia kila msimu kwa uzito. Gunia juu ya gunia, halafu viwimbi vya barabara vinavyotikisa kila nati mpaka yubolti zinalegea zenyewe. Utingo aliyejua kazi yake alizibana kila linaposimama. Aliyelala usingizi juu ya magunia aliamka lori likiwa mtaroni, na senta bolti ikiwa vipande viwili. Lori lenye mzigo mzito nyuma halivuti kwa nguvu kama gari dogo, linatembea kiubavu. Ukisimama nyuma yake likiondoka, unaona magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za mbele. Wazee wengine walipima kwa kutazama tu alama za matairi kwenye vumbi, na hata kwa umbali wa mita hamsini walikuwa sahihi.

Kisha ikaja miaka ya shida. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka na vipuri vikakauka pamoja nazo. Miradi iliyofadhiliwa na Norway, ya maji na ya maendeleo vijijini, ilikuwa na stoo zake. Sisi wengine tulitengeneza kwa tulichonacho. Senta bolti zilichongwa kutoka nondo za ujenzi. Nondo ni chuma laini. Inashika, lakini haivumilii kukatwa kwa pigo la pembeni, kwa hiyo gari lilelile lilirudi baada ya mvua ya kwanza. Ekseli zilifungwa kwa minyororo, springi zilikazwa kwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Sitaki watu waicheke kazi ile. Ilileta mahindi mezani mijini, na ilimlazimisha kila spanaboi kuelewa kila chuma kinafanya kazi gani, kwa maana hapakuwa na duka la kumpa jibu.

Kwenye barabara ya bonde kulikuwa na ugonjwa mwingine, unaofanana na huu kwa dereva lakini si ndugu yake. Gari lililovuka mto au kukwama kwenye udongo mweusi wa Rukwa lilivuta dereva alipokanyaga breki tu. Breki za dramu zikiingia maji au tope upande mmoja, upande huo haushiki, na gari huvutwa na upande uliokauka. Kwa hiyo swali la pili ninalouliza, baada ya barabara, ni hili: linavuta ukikanyaga breki, au linavuta wakati wote? Likivuta kwenye breki tu, weka kamba pembeni. Endesha kidogo, simama, nyunyizia maji matone machache kila dramu. Upande mmoja maji yatachemka na kukauka, mwingine yatatiririka tu. Unaoungua kupita kiasi bila kukanyagwa umekwama. Uliobaki baridi haufanyi kazi.

Nyuma ya hapo, miaka ya 1960, tulikuwa tukizisikia redioni habari za mbio za magari za Safari. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Chris Rothwell, mara zote mbili ndani ya Peugeot 404. Nililipenda gari hilo kwa ajili yake. Nilipokuja kulifungua nikaona jambo ambalo sikulijua kuwa ni habari ya siku za mbele: magurudumu ya mbele hayakuwa na ekseli nzima. Kila moja lilining'inia peke yake kwenye shokapu yake, likishikwa chini na mkono wake. Umbile hilo, lililokuwa la nadra huku, leo liko chini ya karibu kila gari dogo linalopita Sumbawanga.

Lililolileta kwa wingi ni lami. Tarehe 17 Februari 2008, Rais Kikwete na Rais Bush walitia saini Dar es Salaam mkataba wa Marekani wa dola milioni 698 wa Shirika la Changamoto za Milenia, na ndani yake ilikuwamo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga. Iligawanywa vipande vitatu: Tunduma hadi Ikana, Ikana hadi Laela, Laela hadi Sumbawanga, jumla kilomita 223 hivi. Mwenye umri wa kijana wangu wa gereji hawezi kujua tulivyoikodolea macho lami ile ikisogea. Safari iliyomeza siku nzima wakati wa mvua ikawa ya asubuhi moja. Zikaja Noah, IST, Probox, magari ambayo zamani yasingethubutu kupita Laela mwezi wa Februari.

Lakini gari lililoacha njia kwenye udongo lilikuwa linakwenda polepole. Lililoacha njia kwenye lami huwa linakimbia. Gurudumu la kushoto linashuka kwenye bega la barabara, dereva anaukata usukani kurudi, au hana nafasi ya kurudi na linaingia shambani. Na shamba la Ufipa si tambarare. Wafipa hulima intumba, vichuguu vya udongo vilivyofunika majani yaoze ndani yawe mbolea, vikiwa vimepangwa shamba zima. Kwa mihogo na maharage ni kilimo cha akili sana. Kwa wishboni, ule mkono wa chini unaolishika gurudumu la mbele, kila intumba ni pigo jipya linalotoka mbele kwenda nyuma.

Noah moja ililetwa hapa baada ya kupita katika shamba la namna hiyo upande wa Laela. Mwenyewe alisema lilivuta kushoto, akaenda mahali wakampangia alaimenti, usukani ukanyooka, na bado linavuta. Sasa tairi za mbele zinalika kama zinapigwa msasa. Nilimuuliza kama liliacha njia. Akasema hapana. Nikachungulia chini, nikatoa majani makavu ya mahindi yaliyobanwa juu ya wishboni, nikamwonyesha bila kusema kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baada ya hapo alinieleza yote vizuri, na nilimshukuru, kwa sababu maelezo ya dereva ni nusu ya vipimo.

Tulianza na mambo ya bei nafuu. Upepo wa matairi: sawa pande zote. Tukabadilishana tairi za mbele, la kushoto kulia na la kulia kushoto. Lingeanza kuvuta kulia, tairi lingekuwa na kosa, maana tairi lililopata pigo hukatika nyuzi ndani na huvuta lenyewe. Liliendelea kuvuta kushoto. Tukavuta kamba. Upande wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole. Tulifungua wishboni zote mbili, tukaigeuza ya kulia juu ya ya kushoto kwenye benchi, tundu la bushi juu ya tundu la bushi. Upande wa boljointi haukukutana: shingo ya ile ya kushoto ilikuwa imekunjika, na rangi imepasuka nyufa ndogondogo palepale penye kunjo.

Aliyepanga alaimenti alikuwa amezungusha tairodi mpaka usukani ukakaa katikati. Tairodi haiwezi kurudisha gurudumu lililosukumwa nyuma. Inaweza tu kulipindua uso, na tairi hulipa. Nasisitiza hili kwa kila kijana anayekuja kujifunza: alaimenti hufanywa mwisho, baada ya vyuma vyote kuthibitishwa kuwa ni vizima. Na wishboni iliyopinda haipashwi moto ikanyooshwa. Najua inafanyika. Chuma kilichochomwa na kupigwa hapo pa kunjo hakina tena nguvu yake, na kikikatika, hukatika kwenye mwendo, na kuna watoto wa watu ndani.

Lami imeleta pia ugonjwa ambao si ugonjwa. Barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yateremke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kila gari zima huelekea kushoto kidogo likiachiwa. Mtu aliyezoea udongo analihisi hilo na kuja mbio gereji. Halafu upepo wa Ufipa, hasa Julai na Agosti, unaolisukuma gari refu kama Noah kwa ubavu. Mimi hujaribu magari alfajiri kabla upepo haujaamka, mahali tambarare kweli, kwenda na kurudi kwa mstari uleule. Likivuta upande uleule wa gari kote kuwili, ni gari. Likibadilisha upande, ni nchi.

Sasa kuna mashine za mwanga zinazopima magurudumu yote manne na kuandika namba kwenye kioo, na ninazikubali. Zinaona pembe ambazo kamba haizioni. Magari mapya yenye usukani wa umeme yanataka hata kitu kingine: baada ya kunyoosha vyuma, kompyuta yake lazima ifundishwe upya katikati ya usukani ni wapi, la sivyo mota itaendelea kuusukuma upande iliouzoea. Hilo hulifanya kijana wangu kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi. Lakini kwenye barabara zinazoteremka Lyamba lya Mfipa kwenda vijiji vya bonde, bado magari mengi ni ya springi za bapa, yenye mzigo juu na abiria juu ya mzigo. Mvua za Novemba zikikaribia, naagiza senta bolti za chuma kigumu na yubolti kwa saizi zote mapema, kwa sababu kufikia Januari foleni itakuwa imefika barabarani.